Nyoka wa kijani juu ya mwembe: ukukwi au mamba?

Msimu wa embe ukifika hapa Unguja, simu yetu hailali. "Njooni, kuna nyoka wa kijani mwembeni na watoto wako chini." Tunakuja kukata matawi, lakini kwanza lazima tujue ni nyoka gani.

Rangi peke yake haitoshi. Ukukwi ni kijani, hana sumu ya kumdhuru mtu, na anachotafuta uani kwako ni mijusi na vyura. Mamba wa kijani naye ni kijani, na sumu yake hushika neva, inaweza kuua. Huyu wa pili akikomaa hukaribia mita mbili, kichwa chake kirefu na chembamba, mwili kijani kitupu toka kichwani hadi mkiani. Ukukwi ni mwembamba kama kamba, ana jicho kubwa kwa kichwa chake, na wengi wana vidoa vyeusi mgongoni. Tatizo ni kwamba wapo ukukwi wasio na vidoa, na mamba mchanga naye ni mdogo na mwembamba. Hata sisi tuliozoea hatukati shauri kwa kutupa jicho mara moja.

Kwa hiyo tunakuomba sana: usimchokoe kwa upembo. Mamba wa kijani ni mwoga, hukaa kimya majanini akivizia ndege na popo wanaofuata matunda, na akiachwa huondoka zake. Ukimchokoa unamlazimisha ajitetee, nawe uko chini yake. Ondoa watoto, simama mbali, mpige picha kwa simu ukiivuta karibu, ututumie. Kutazama picha hatutozi kitu.

Akimuuma mtu, msisubiri picha wala sisi. Asitembee, mlazeni, mvueni pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe hospitali mara moja. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Tumeona kamba ikifungwa kwa nia njema kabisa, mguu ukavimba vibaya.

Kazi yetu yenyewe ni matawi. Tawi linalogusa paa la makuti au bati ni daraja la nyoka la kuingilia nyumbani, na hilo ndilo tunalokata kwanza. Kabla fundi hajapanda, tunaukagua mti mzima kutoka chini, pande zote, hata kama umetuambia nyoka ameshaondoka.