Harambee ya misumeno: vijana wetu wa Katuba wanahitaji vyombo vya kazi

Wapendwa baba, mama na ndugu wa parokia, pamoja nanyi watoto wetu mlio mbali na Lubumbashi,

Jumamosi tulihesabu nyembe za msumeno zilizobaki ndani ya kopo. Ni 7. Wanafunzi wa usonara wako 12, na fremu za msumeno ni 3 tu. Mmoja akikata, watatu wanatazama.

Wembe huu ni mwembamba kama uzi, urefu wake kama sentimita 13. Meno yake hutazama chini, upande wa mpini, kwa kuwa msumeno wa sonara hukata unaposhuka. Mkono ukishuka polepole bila kusukuma, bati la shaba hufuata mstari vizuri. Penye kona unageuza bati, na msumeno unaendelea kupanda na kushuka palepale. Ukilazimisha, tak! Umekatika. Anayejifunza atakata nyembe nyingi, hakuna fundi aliyekwepa hilo.

Wiki jana binti mmoja alikuwa akitengeneza hereni zenye umbo la msalaba wa Katanga, ile misalaba ya shaba ambayo mababu walilipia mali na mahari. Alikwisha kutoboa tundu la katikati, akapitisha wembe, akaukaza. Zamu yake ikaisha amebakiza upande mmoja. Akaufungua wembe, akampa mwenzake fremu. Hereni hiyo iko mezani mpaka leo.

Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Inatuuma kuona malori yakiibeba kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kijana wa hapa hana hata kipande cha kujifunzia. Kazi hii haidai umeme. Inadai meza, mwanga wa dirisha na mkono uliotulia. Malakiti, lile jiwe la kijani, pia ni ya kwetu, ila hatutawaruhusu wanafunzi kuikata mpaka tupate barakoa nzuri na chombo cha maji cha kuloweshea jiwe, maana vumbi lake huumiza mapafu.

Tunaomba fremu 9, ili kila mmoja awe na yake, na nyembe dazani 36, nyingi ziwe za ukubwa wa namba 2/0, zinazofaa bati la milimita 0.8. Tuongeze nta ya kulainishia wembe, mabati ya shaba na barakoa. Vile vibao vyenye mwanya wa kukatia, vinavyofungwa ukingoni mwa meza, seremala wetu atavichonga bure. Mungu ambariki. Vyote vinahitaji dola 480. Akina mama wamekwisha kutoa 115, zimebaki 365.

Tukutane Jumapili uwanjani, baada ya misa ya pili. Hata faranga 500 tunaipokea kwa mikono miwili. Aliye mbali amtume ndugu yake wa hapa. Risiti za vyombo tutazibandika mlangoni pa kanisa, kila mtu azisome. Na mwenye fremu ya zamani nyumbani, hata kama imeshika kutu, ailete siku hiyo, tutaisugua wenyewe.