Milimita ishirini na tano

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, nyumbani wazima, natumai nanyi hamjambo. Najua unanidai jibu miezi mitatu sasa. Uliuliza jambo moja tu: mdogo wako ausomee uhandisi wa mifumo ya majengo au aachane nao? Nimeanza kukujibu mara mbili nikachana karatasi. Mara ya kwanza nilikuwa najisifu, mara ya pili nalalamika. Leo sina la kujisifia, basi huenda nikasema kweli.

Lile jengo la orofa sita nililokuchosha nalo mwaka jana, viyoyozi vyake nilivichora mimi. Hazijapita wiki tatu tangu likabidhiwe, dari ya orofa ya nne ikaanza kudondosha maji. Nikaitwa. Nikamwambia fundi azime mashine tuone. Tukafungua: lile sinia la kukingia maji chini ya koili, yale mabomba ya baridi ambako unyevu wa hewa hugeuka maji, limekauka, bomba la kutolea maji halijaziba. Tukawasha, tukaenda zetu. Kesho yake maji. Tukazima, tukafungua, pakavu. Mara nne! Mwenye jengo akaanza kunitazama kama mganga aliyekula kuku wa watu.

Aliyeniokoa ni Mzee wa Spana, yule yule aliyekuwa akituita "watoto wa karatasi". Alicheka kwanza, kisha akasema, "Mhandisi, unamuuliza mgonjwa amelala. Mwamshe." Tukaweka kipande cha plastiki angavu mahali pa kifuniko, mashine ikinguruma. Sinia limefurika mpaka ukingoni na maji hayaendi popote.

Feni iko mbele ya koili, inavuta hewa ipite kwenye koili. Basi hata kwenye bomba la kutolea maji hewa inavutwa kuingia ndani, na maji yanakosa njia. Ndiyo maana bomba hilo hupindwa kama herufi U, maji yanayobaki kwenye pindo yaizuie hewa. Lakini pindo lina kina chake: paskali (kipimo cha shinikizo) 100 za mvuto zinataka karibu milimita 10 za maji. Feni yetu ilivuta kama paskali 500, yaani milimita 50 kabla hujaongeza za tahadhari. Mimi nilichora 25. Niliinakili kutoka mradi wa mashine ndogo, saa tano usiku, nikijua bosi wangu, Bwana Muhuri, anataka michoro asubuhi. Na ukizima feni, mvuto unakufa, maji yanashuka kimya kimya, ushahidi umekwenda nao.

Haya, mdogo wako. Mwambie kwanza kazi hii haina jina la kujivunia harusini. Msanifu ana sura ya jengo, mhandisi wa miundo ana nguzo, sisi tuna vitu vilivyofichwa juu ya dari: hewa, maji safi na machafu, umeme, lifti, kuzima moto. Mama mkubwa bado anawaambia watu mimi ni fundi bomba, nami nimeacha kumsahihisha, maana baada ya kisa hiki nahisi ananipandisha cheo.

Na ugomvi wa nafasi! Msanifu anataka dari iwe juu, mimi nataka njia ya hewa ipite chini ya boriti, wa umeme ana trei zake za nyaya, na bomba la maji machafu halikubali kupanda mlima kumpisha mtu. Asiyeweza kubishana kwa adabu atateseka.

Ila kuna utamu wake. Punguza kasi ya feni kwa asilimia 20 tu, umeme inaokula unashuka karibu nusu. Siku ya kwanza niliposoma hilo kwenye mita, si kitabuni, nilitaka kumpigia mtu simu. Nilikuwa nikupigie wewe, nadhani hukupokea. Mweleze pia kwamba Willis Carrier, Mmarekani aliyebuni kiyoyozi cha kisasa, mwaka 1902 alikuwa anahangaikia karatasi za kiwanda cha uchapaji zilizoharibiwa na unyevu. Starehe ya watu ilifuata baadaye.

Na kuna hofu. Maji ya moto kwenye tangi tunayaweka nyuzi 60, kwa sababu kati ya 20 na 45 bakteria wa lejonela hustawi. Mwaka 1976 kule Philadelphia waliwaua watu zaidi ya 20 waliokwenda mkutanoni hotelini. Mimi langu limeharibu dari na zulia. Lakini usiku nalala nikihesabu: 25 nyingine nimeziacha wapi?

Masomo yenyewe yasimtishe: fizikia ya joto, maji na umeme, aingilie mitambo au umeme, kote kuna mlango. Kinachohitajika zaidi ni miaka ya chini ya mtu anayejua, na likizo aende saiti akashike spana. Mimi likizo zangu nilizimalizia kwenye kompyuta, unakumbuka. Laiti ningekuwa nimefungua kasha moja tu la kiyoyozi...

Pindo tumebadilisha, dari kavu. Barua ya kukiri kosa nimeiandika, imo kwenye droo. Bwana Muhuri anasema tuandike "marekebisho ya kawaida" tunyamaze. Wewe ungeipeleka? Kijana mwenyewe anapenda nini hasa, kuchora au kufungua vitu? Bado analivunjavunja lile redio? Anaweza kuja kukaa nami likizo hii, nimkabidhi kwa Mzee wa Spana? Na kile kikokotoo changu utakirudisha lini, au ndiyo mahari?

Nijibu upesi, mkutano na mwenye jengo ni Alhamisi.

Wako yule yule,
Mtoto wa Karatasi