Vijana wa uzito wa juu wasipimwe kwa nokauti peke yake

Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyotoka baada ya pambano la Riyadh la Agosti 16, 2025, ile iliyowapanga mabondia vijana wa uzito wa juu duniani. Jina lililowekwa juu kabisa sina ugomvi nalo. Moses Itauma anastahili. Kilichonikera ni kipimo kilichotumika, kwa sababu mwandishi wenu amewapanga vijana wale kwa hesabu ya nokauti na kwa dakika walizotumia kummaliza mpinzani. Kwa kipimo hicho wengi wameshapewa ufalme mapema, na wengi wameumia.

Saa ya Riyadh ndiyo saa yetu, kwa hiyo kibanda umiza cha mtaani kwetu hapa Tanga kilikuwa kimejaa usiku ule. Wengine walikuwa bado wanatafuta pa kukaa pambano likaisha. Itauma alikuwa na miaka 20, anasimama mguu wa kulia mbele na mkono wake mzito ni wa kushoto. Mpinzani wake, Dillian Whyte, alikuwa na miaka 37, na aliwahi kugombea ubingwa wa dunia dhidi ya Tyson Fury. Kijana alimsukuma mzee hadi kwenye kamba, akamzungushia konde la kulia lililompata kichwani, na miguu ya Whyte ikagoma. Aliangushwa, akainuka akiyumba, mwamuzi akamaliza. Dakika 1 na sekunde 59 za raundi ya kwanza.

Kibanda kizima kilipiga kelele kwa ajili ya lile konde. Mimi nilikuwa naangalia miguu ya yule kijana. Kila Whyte alipojipanga kurusha, Itauma alikuwa ameshahama, na alihama kwenda mahali ambapo yeye mwenyewe anaweza kupiga. Mabondia wengi wakubwa wa mwili hurudi nyuma kwa mstari mmoja, wakafuatwa na kupigwa. Huyu anapiga kwa pembeni. Jambo hilo halionekani kwenye hesabu ya nokauti, na ndilo linalonifanya nimwamini. Amelelewa kwenye ngumi za ridhaa hadi akatwaa ubingwa wa dunia wa vijana mwaka 2022, kabla hajalipwa hata senti kwa kupigana. Baba yake ni Mnigeria, mama yake ni wa Slovakia alikozaliwa, na Kent huko Uingereza ndiko alikokulia.

Lakini tuhesabu vizuri. Desemba 2024 alimtoa Demsey McKean raundi ya kwanza. Mei 2025, Glasgow, alimtoa Mike Balogun raundi ya pili. Kisha huyu Whyte. Mapambano yote matatu, ukijumlisha muda wote aliopigana, hayafiki dakika 10. Na hadi usiku ule hakuwa amewahi kuvuka raundi ya sita tangu aanze ngumi za kulipwa. Atakuwaje raundi ya tisa, jicho limevimba, mbele yake kuna mtu aliyekataa kuanguka? Hakuna anayejua, na mwandishi wenu hakuligusa swali hilo hata kwa sentensi moja.

Nawakumbusha Kinshasa. George Foreman alipotua Zaire mwaka 1974 alikuwa na miaka 25, mapambano 40 bila kupoteza hata moja, 37 kati ya hayo kwa nokauti. Joe Frazier alikaa naye raundi mbili, José Román raundi moja, Ken Norton raundi mbili. Mapambano matatu ya ubingwa, raundi tano. Kwa kipimo cha makala yenu hapakuwa na bondia aliyekamilika kumzidi. Alfajiri ya Oktoba 30 Muhammad Ali akaegemea kamba, akamwacha apige hadi mikono ikawa mizito, na raundi ya nane Foreman akawa chini. Nguvu zake zilikuwa za kweli. Kilichomponza ni kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa amemlazimisha kuzigawa.

Watu hupenda kumtaja Mike Tyson kila kijana wa uzito wa juu anapochomoza, na Itauma naye amebebeshwa mzigo huo wa rekodi ya bingwa mdogo kuliko wote. Tyson alimpiga bingwa Trevor Berbick Novemba 1986 akiwa na miaka 20 na miezi minne. Itauma ameshapita umri huo, na nashukuru, kwani sasa wataacha kumharakisha. Kinachosahaulika ni mwezi Mei wa mwaka ule ule wa 1986. Tyson alikwenda raundi zote 10 na James Tillis, na kabla mwezi haujaisha akaenda raundi 10 nyingine na Mitch Green. Alishinda yote mawili kwa pointi. Alipoingia ulingoni na Berbick alikuwa ameshajua namna ya kuishi na mtu asiyeanguka. Sehemu hiyo ya habari haikatwi vipande vya video, kwa hiyo vijana wanaotazama simu hawaijui.

Sisemi kwamba kwenda raundi nyingi kunatosha. Jared Anderson wa Toledo, Ohio, alikuwa tumaini la Wamarekani. Mwaka 2023 alikwenda raundi 10 na Charles Martin, akashinda, ila njiani alitikiswa, na waliokuwa na macho waliona ulinzi wake unafunguka. Badala ya kurekebisha, sifa ziliendelea. Agosti 2024, Los Angeles, wakamleta mbele ya Martin Bakole. Huyu ni Mkongomani mzaliwa wa Kananga, aliyekwenda kujenga maisha ya ngumi Scotland, mtu ambaye wakubwa wengi walikuwa wanamkwepa. Anderson aliingia na ushindi 17, nokauti 15. Mwisho wa raundi ya kwanza Bakole alipandisha konde la kulia kutoka chini, likapita katikati ya mikono ya Anderson, na kijana akakaa chini. Raundi ya tano aliangushwa tena na tena hadi pambano likasimamishwa. Nilifurahi kwa ajili ya Bakole, sifichi, kwa sababu mtu wa kwetu Afrika aliyenyimwa nafasi miaka yote aliitumia siku alipoipata. Kwa Anderson nilisikitika. Alikuwa na miaka 24 na kipaji cha kweli, na waliomzunguka walimpa sifa walipotakiwa kumpa mazoezi ya ulinzi.

Ndiyo maana nashangaa makala yenu ilimweka Richard Torrez Jr. mbali chini, eti kwa sababu ni mfupi na mapambano yake hayapendezi. Mwaka 2019, kwenye mashindano ya dunia ya ridhaa kule Yekaterinburg, Bakhodir Jalolov wa Uzbekistan alimpiga raundi ya kwanza akatolewa ulingoni kwa machela. Kijana wa miaka 20. Wengi baada ya hapo hawarudi, au wanarudi wakiwa na woga. Torrez alirudi, na mwaka 2021 akafika fainali ya Olimpiki ya Tokyo. Aliyekuwa akimsubiri kwenye fainali ni Jalolov huyo huyo. Alipoteza kwa pointi akachukua medali ya fedha, baada ya kumkabili kwa raundi zote tatu mtu aliyemlaza miaka miwili kabla. Aprili 2025 alikwenda raundi 10 na Guido Vianello, Mwitaliano mrefu kuliko yeye, na alimbana bila kumpa pumzi. Ni kweli anapokea makonde mengi akiingia. Hilo ni la kocha kulirekebisha. Moyo ameshauonyesha hadharani.

Na Daniel Dubois msimzike. Julai 2025 alipigwa na Oleksandr Usyk wa Ukraine, bingwa wa dunia wakati huo, raundi ya tano pale Wembley, na makala yenu ikamwita bondia aliyekwisha. Alikuwa na miaka 27! Novemba 2020 Joe Joyce alimfunga jicho la kushoto, mfupa ukavunjika, akapiga goti raundi ya 10, na watu wakamwita mwoga. Desemba 2022 Kevin Lerena wa Afrika Kusini alimwangusha mara tatu katika raundi ya kwanza. Akainuka mara zote tatu, akamtoa Lerena raundi ya tatu. Kisha Septemba 2024 alimwangusha Anthony Joshua mbele ya watu zaidi ya 90,000. Kushindwa mara mbili na Usyk hakumwondolei mtu nafasi yake, kwa kuwa katika kizazi hiki hakuna aliyekuwa amempiga Usyk kwenye ngumi za kulipwa.

Mabondia wetu tunaowajua, kina Hassan Mwakinyo na Twaha Kiduku, ni wa uzito wa kati, kwa hiyo kwenye uzito wa juu Watanzania tunabaki kuwa watazamaji. Hata hivyo vijana wetu wanajifunza kutokana na tunachokisifia. Nawaona jioni kwenye mazoezi: wanataka konde la kumaliza, hawataki kuruka kamba wala kujifunza kurudi na mikono juu. Gazeti likiwaambia kwamba bora ni anayemaliza haraka, wataamini, na mtu mwenye kilo zaidi ya 90 akiamini hivyo anaweza kuumia vibaya.

Sasa kuna wanaotaka Itauma apelekwe moja kwa moja kwa Usyk. Nawaomba mwandike kupinga jambo hilo. Apewe kwanza Filip Hrgović, aliyempiga David Adeleye kwa pointi kwa raundi 10 usiku ule ule wa Riyadh, mtu mwenye kidevu kigumu asiyechoka kuja mbele. Au apewe Bakole, akiwa amejiandaa vizuri, si kama Februari 2025 alipoitwa zikiwa zimebaki siku mbili akapigwa na Joseph Parker. Yeyote kati ya hao wawili atatuonyesha Itauma wa raundi ya nane.

Mpangilio wangu ni Itauma kwanza, Dubois wa pili, Torrez wa tatu, na Anderson wa nne iwapo atapata kocha wa kumbadilisha. Mwandishi wenu akiwa na mpangilio mwingine auchapishe, lakini kwa kila jina ataje pambano moja ambalo kijana huyo aliumizwa, na alichofanya baada ya hapo.

Msomaji wenu,
Tanga