Shangazi, Inuka Kitini

Shangazi, shikamoo.

Juzi kwenye simu uliniambia kwamba tangu uanguke pale mlangoni umeamua kukaa. Chai inaletwa, maji yanaletwa, hata remoti inaletwa. Mimi ndiye niliyeanzisha hayo ya "kaa tu, tutakuletea". Leo nayafuta mbele za watu.

Kiharusi kilipiga upande wa kulia wa ubongo, ndiyo maana mkono na mguu wa kushoto ndivyo vilivyolegea. Wewe unaona tatizo ni nguvu tu. Lakini mtu akijikwaa hajiokoi kwa nguvu peke yake; hutupa mguu mbele au pembeni kabla hata hajafikiri. Mguu wako wa kushoto unachelewa. Siku ile ulipoanguka, mjukuu alikuita, ukageuka upesi, mguu ukabaki. Basi kukaa kutwa kutaufundishaje kuwahi? Isitoshe, mfupa usiobebeshwa uzito hudhoofika, na waliopooza upande mmoja mara nyingi huangukia upande huohuo.

Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo akishakupima na kuridhia, tuanzie jikoni. Shika ile meza nzito ya mbao. Kiti cha plastiki ni mnafiki, ukikiegemea kinaondoka na wewe. Simama miguu imeachana kidogo, hamishia uzito kushoto taratibu mpaka uhisi unyayo umekandamiza sakafu, hesabu hadi tano, rudi. Najua utanidanganya, utasimamia wa kulia. Wote hufanya hivyo.

Halafu hatua. Mguu wa kulia uende mbele na kurudi, kisha pembeni, kisha nyuma. Ndiyo, wa kulia! Ukiinuka huo, wa kushoto hauna budi kukubeba, na hapo ndipo kazi ilipo. Baadaye badilisha. Nyuma kutakutisha, usikimbilie. Ukizoea, mjukuu ataje upande bila mpangilio, "mbele!", "kulia!", nawe ujibu kwa mguu. Mara chache kila siku zinafaa kuliko kujichosha Jumapili moja.

Usifanye peke yako. Msaidizi asimame kushoto kwako, nyuma kidogo, ashike mkanda imara kiunoni. Asikuvute mkono wa kushoto hata kidogo. Bega lililolegea huumia vibaya kwa kuvutwa. Ukiamka, keti kwanza ukingoni mwa kitanda, maana dawa za presha zinaweza kukuletea kizunguzungu ukisimama ghafla. Kikija, kaa. Mdomo ukipinda au maneno yakigoma, hayo si ya mazoezi tena, ni hospitali saa ileile.

Bakora ishikwe mkono wa kulia. Ngazi za barazani panda kwa mguu wa kulia, shuka ukitanguliza wa kushoto. Mkeka wa sebuleni ukunjwe, taa ya kwenda chooni iwake usiku kucha, na zile ndala zako zilizolika kisigino nazichoma mwenyewe, unisamehe.

Sikuahidi kwamba hutaanguka tena. Hata kuinuka kutoka sakafuni tutamwomba mtaalamu atufundishe, wewe na sisi tunaokuinua ovyo.

Jumamosi nakuja na viatu vya kufunga, soli isiyoteleza. Chai ya siku hiyo utaninywesha ukiwa umesimama mezani, kikombe ukimimina kwa mkono wa kulia, mimi nimekaa.