Barua kwa Salim kuhusu CitiCar yake

Columbus, Ohio

Ndugu yangu Salim,

Assalaam alaikum. Huku hatujambo sote, mama watoto anawasalimu, na tunawaombea baridi ya Minneapolis isiwaelemee.

Picha zako nimezipata, na furaha niliyo nayo siwezi kuificha. CitiCar! Kigari hicho kilizaliwa Sebring, Florida, baada ya mafuta kuadimika mwaka 1973, pale Robert Beaumont alipoona watu wa mjini wanahitaji chombo kidogo cha umeme cha kwendea kazini na sokoni. Kiliundwa kuanzia 1974 hadi 1977. Anayekushauri ukiweke uani kiwe pambo, usimsikilize. Kirudi barabarani.

Umeniuliza ununue betri gani za lithiamu. Jibu langu: kwanza breki. Mwaka 1975 jarida la Consumer Reports lilikipima likasema hakifai, na hofu yao ya usalama ilikuwa na msingi, kwa sababu bodi ni plastiki juu ya fremu ya mabomba ya alumini na hakuna kingi cha kukukinga ukigongwa. Kwa hiyo uwezo wa kusimama ndio uhai wako. Fungua magurudumu yote manne. Gari likikaa miaka bila kutembea, mafuta ya breki hunyonya unyevu na kutu huingia kwenye masta silinda (pampu kuu ya breki) na silinda za magurudumu. Badilisha vyote, na mipira ya kupitishia mafuta pia, hata kama kwa macho inaonekana mizima. Papo hapo tazama beringi, springi na oili ya difu, zile gia za kuzungusha magurudumu.

Mota sina wasiwasi nayo, ni ngumu. Ipulize vumbi jeusi, pima urefu wa kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme kwenye sehemu inayozunguka, safisha pale kaboni zinaposugua. Ila nakuomba sana: usiijaribu kwa volti 48 ikiwa mezani. Mota kama hiyo, ambayo koili zake zimeungwa kwa mfululizo, zisipokuwa na mzigo huzidi kuongeza kasi mpaka zinapasuka. Volti 12 zinatosha kujua kama inazunguka.

Sasa nyaya, na hapa ndipo fundi umeme kama wewe utafurahi. Mfumo wa zamani hauna kontrola, yaani kifaa cha kupima umeme unaokwenda kwenye mota kidogo kidogo. Ukikanyaga pedeli, kontakta (swichi kubwa zinazoendeshwa na umeme) zinaunganisha betri kwa volti 24 kupitia kizuizi cha umeme, kisha 24 bila kizuizi, halafu 48 zote kwa mkupuo, ndiyo maana kinashtuka kikiondoka. Weka kontrola ya kisasa ya mota za mkondo mnyoofu (DC, umeme wa betri). Kitaondoka polepole na difu itapumua. Fyuzi iwe ya mkondo mnyoofu, maana cheche ya mkondo huo haizimiki kirahisi kama ya umeme wa nyumbani. Na swichi kubwa ya kukata umeme iwe mahali unapoifikia umekaa.

Yakishakamilika hayo, njoo kwenye lithiamu. Betri nane za zamani, za madini ya risasi, za volti 6 kila moja zina zaidi ya kilo 200, na gari zima ni kama kilo 600. Seli 16 za lithiamu-chuma-fosfeti (LiFePO4) hukupa volti 51.2, na pakiti ya ampea-saa 100 haizidi sana kilo 45. Chaja ya zamani itupe. Seli hizo zijazwe mpaka volti 58.4 basi, tena ziwe na kifaa cha kusimamia kila seli. Na kwa huko kwenu hili ni kubwa: usizichaji zikiwa chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Zitengenezee sanduku lenye joto, la sivyo zitakufa kabla ya majira ya pili ya baridi.

Mwendo uache ulivyo, karibu kilomita 60 kwa saa. Wapo wanaoongeza volti ili wakimbie, mimi siungi mkono kwa gari jepesi namna ile. Barabara kuu ikwepe.

Ule ufa wa bodi karibu na taa ya kulia usiuzibe kwa gundi ya dukani. Plastiki ile ni ya aina ya ABS, sawa na ya vipande vya kuchezea vya Lego. Chukua vipande vya Lego vilivyovunjika vya watoto, viyeyushe kwenye asetoni mpaka viwe uji mzito, upake kwa ndani. Inashikana kabisa.

Kabla hujalipia kontrola, nipigie picha kibati cha mota, nisome ampea zake tuchague pamoja. Msalimie shemeji na watoto.

Wako,
Idi