Harambee ya mizinga ya nyuki: tulinde chakula cha watoto wetu

Kamwene! Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, ndugu zetu mliosoma shule yetu hii ya msingi na wote wenye asili ya tarafa ya Idodi, mlioko Iringa mjini, Makambako, Mbeya, Dar es Salaam na kwingineko.

Tunaandika tukiwa na haya, maana mmeshatuchangia mara nyingi. Mabati ya madarasa mawili ni yenu. Madawati ni yenu. Mwaka huu tulitamani tuwaalike mje mle makande na wadogo zenu, si kuwapigia hodi tena. Lakini shamba la shule limeliwa lote na tembo, na watoto wanasoma na njaa.

Ilikuwa mwishoni mwa Aprili, mahindi yamekomaa, yanasubiri kukauka tu. Kundi liliingia usiku kwa upande wa korongo. Kulipokucha ekari sita zilikuwa zimelala chini, matuta yamefumuliwa, nyayo pana kama ungo zimejaa maji. Watoto wa darasa la tatu hawakutumwa na mtu. Waliingia shambani wakaanza kuokota mahindi yaliyokanyagwa, wakiyafuta tope kwa sare zao, wakampelekea mama mpishi jikoni. Hayakujaza hata debe mbili. Shamba hilo hilo, mwaka wa kawaida, hutulisha mpaka Novemba. Sasa uji unapikwa siku ambazo wazazi wamepata cha kuleta, na siku nyingine sufuria haliinjikwi kabisa.

Wazazi wenyewe nao wanalinda mashamba yao usiku kucha. Mama hawezi kumwacha mtoto peke yake nyumbani, basi anapanda naye dunguni, wanapiga madebe na kuchochea moto hadi alfajiri. Mtoto huyo akifika darasani analala juu ya daftari, na mwalimu anakosa moyo wa kumwamsha. Wengine wanachelewa vipindi viwili kwa sababu tembo bado wako njiani, na hakuna mzazi mwenye akili timamu atakayemwambia mwanawe apite.

Hatumlaumu mtu. Askari wanyamapori wakiitwa wanakuja, lakini Hifadhi ya Ruaha ina kilomita za mraba zipatazo 20,000 na haina uzio. Tangu 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika maji wakati wa kiangazi, na mnyama akikosa maji kule anafuata mifereji yetu. Akishajua njia ya mfereji, njia ya mahindi anaijua pia. Kifuta jasho cha serikali kwa walioharibiwa mazao na wanyamapori kipo kwa kanuni za mwaka 2011, tunashukuru, ila hicho ni mkono wa pole, si fidia, wala hakijazi ghala la shule. Na wale wanaonong'ona habari za kuwawekea tembo sumu tunawaomba wakome. Ni kosa la jinai, na vijana wetu wanaofanya kazi kwenye kambi za watalii wanakula kwa sababu ya tembo hao hao.

Kamba za pilipili na oili chafu tulishafunga. Zinasaidia, lakini mvua ikishika zinaoshwa na harufu inaisha. Ndiyo maana kamati imekubaliana kuweka uzio wa nyuki. Mizinga inatundikwa kuzunguka shamba kila baada ya mita 10, inaunganishwa kwa waya. Tembo akisukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Ngozi yake ni nene, lakini nyuki humuuma machoni na ndani ya mkonga, na akisikia tu mvumo wao hurudi nyuma. Njia hii imejaribiwa Kenya na hapa kwetu Tanzania pia. Haizuii kila tembo, lakini inapunguza sana uharibifu, na asali itauzwa kununulia maharage.

Mzunguko wa shamba ni kama mita 600. Tunahitaji mizinga 30 na vibao 30 vya kuigiza mizinga, vikipokezana na mizinga kwenye waya. Mizinga ni shilingi 2,400,000, vibao 300,000, waya pamoja na mavazi ya kurinia 700,000. Jumla 3,400,000. Wazazi, kwa hali hii hii, wameshachanga 900,000, na nguzo, mashimo na nguvukazi ni juu yetu. Tumepungukiwa 2,500,000.

Ndugu zetu, kwenye vikao vya harusi tunaahidi laki moja bila kukuna kichwa. Wapo waliokula makande ya shule hii miaka saba mfululizo na hatujawasikia tangu wahitimu. Hatuwataji, wanajijua, na tunawapenda. Mzinga mmoja ni shilingi 80,000. Darasa lenu la zamani linaweza kuubeba na jina la mwaka wenu likaandikwa juu yake. Elfu tano nayo inapokelewa kwa mikono miwili.

Haraka yetu inatokana na nyuki wenyewe: mizinga itundikwe mapema, makundi yapate muda wa kuingia kabla ya mvua za Desemba. Harambee itafanyika uwanja wa shule Jumamosi ya pili ya Oktoba, saa nne asubuhi. Wa mbali wapitishe mchango kwa mwalimu mkuu au mtendaji wa kijiji. Kila senti itakatiwa risiti, na mapato na matumizi yatasomwa kwenye mkutano wa kijiji na kubandikwa ubaoni. Ahadi zinapokelewa, ila zilipwe kabla ya Oktoba kuisha, kwa sababu fundi wa mizinga hakopeshi.

Mungu awazidishie pale mtakapopunguza.

Kamati ya Shule