Mikono ya mzee haikutikisika, ilitetemeka

Ndugu Mhariri,

Katika makala mliyochapisha hivi karibuni kuhusu uzee, mwandishi alisema kwamba mikono ya mzee "ilitikisika" alipokuwa akipokea kikombe cha chai. Mti hutikisika upepo unapovuma, mlango hutikisika ukigongwa, na kichwa hutikiswa kwa kukataa. Katika yote hayo kitu huenda huku na huku kwa mwendo ambao jicho huweza kuufuata. Lakini mwandishi huyo huyo anaeleza kwamba kikombe kiligongagonga kisahani na chai ikafanya viwimbi vidogo bila kumwagika. Huko ni kutetemeka.

Neno lenyewe limebeba maana yake katika silabi inayojirudia mwanzoni, te-te, kama ilivyo katika pepesa, papatika na chechemea, ambayo yote hutaja mwendo unaorudiwarudiwa. Mwenye baridi hutetemeka kwa sababu misuli yake hukaza na kulegea upesi upesi ili mwili upate joto. Uzi wa gitaa ukiguswa hutetema, na sauti ambayo wanamuziki wengi hupatanishia ala zao ni ya mitetemo 440 kwa sekunde. Nani angethubutu kuiita mitikisiko 440?

Najua nitaulizwa kuhusu tetemeko la ardhi, ambalo huweza kuangusha majumba na kwa hiyo si jambo dogo hata kidogo. Jibu langu ni kwamba neno hili hutazama namna ya mwendo, yaani kwenda na kurudi kwa haraka, wala halipimi madhara yanayofuata. Ingawa nakiri kwamba hapo maneno haya mawili hukaribiana mno, na anayeandika "mtikisiko wa ardhi" siwezi kumlaumu sana.

Wala sina ugomvi na tikisika. Uchumi ukiyumba, andikeni mtikisiko, kwa kuwa hapo msingi ndio uliosukwasukwa. Ninachosikitikia ni kuona neno moja likitumwa kazi za wenzake, ilhali mwoga ana gwaya yake, mgonjwa wa homa ana kitapo chake, mabawa ya ndege hupapatika, na kope, kwa mshangao wa wanaojifunza lugha yetu, hucheza tu.

Makala hiyo ikichapishwa tena, naomba mzee aachwe atetemeke.

Msomaji wenu